Mgeni, Mwombaji na Mwenyeji: Maelezo juu ya Kuingia katika Makazi ya Ushirika

Mithali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hutajwa mara nyingi kama onyo kwa mgeni mvivu. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika nchi ya Wazanaki, aliitaja mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamaa ya kale kila mtu alikuwa mfanya kazi. Walakini mithali hiyo ina maana nyingine ambayo haikuangaliwa sana. Jembe si mzigo tu, bali ni kibali pia. Mtu apewaye jembe siku ya tatu ameacha kuwa mgeni wa kuandaliwa chakula, naye ameanza kuhesabiwa miongoni mwa watu wa mji. Na zile siku mbili za kwanza hazikuwa za bure. Zilikuwa muda wa kutazamana: mwenyeji alimtazama mgeni, na mgeni alimtazama mwenyeji, kabla ya upande wo wote kufungwa na ahadi.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo la kutazamana katika makazi ya ushirika. Kwa jina hilo yatajwa makazi ambayo kila nyumba ina mlango wake na siri zake, lakini watu wa nyumba hizo wana vitu kadha wa kadha kwa pamoja: kiwanja, ua, maji, pengine jiko na ukumbi wa kulia, pamoja na kazi za kuviangalia na mashauri ya kuviamulia. Makazi hayo si bweni, kwa sababu kila jamaa lajitegemea kwa riziki yake. Wala si mji wa ukoo mmoja, kwa sababu wakaao humo hawakuletwa na damu. Swali ni hili: mtu atakaye kuingia humo hupokewa na nani, kwa masharti gani, na baada ya muda gani?

Maneno ya Kiswahili yenyewe yaonyesha daraja za mwendo huo. Mgeni ni mtu aliyefika, ambaye bado hana kazi wala haki mahali pale. Mwombaji ni mtu aliyetaka kuingizwa, na ambaye jibu lake halijatolewa. Mpangaji ni mtu aliyechukua chumba kwa kodi. Jina lake latokana na kitenzi panga, ambacho pia kina maana ya kuweka vitu kwa taratibu. Mwanachama ni mtu aliyeandikwa katika daftari ya chama, mwenye hisa na kura. Mwenyeji ni mwenye mji, yaani mtu ambaye mahali pale ni pake na watu wakubali kuwa ni pake. Jirani, neno lililotoka katika Kiarabu, ni mtu wa karibu. Lakini ujirani hauna maombi wala kibali, kwani ukuta ukipakana na ukuta watu wamekwisha kuwa majirani. Katika makazi ya ushirika mtu hupita kutoka ugeni mpaka uenyeji kwa kujua na kwa hiari, naye apita mbele ya watu ambao nao wana hiari ya kumkubali.

Tofauti ya daraja hizo yaonekana waziwazi katika mji wa Musoma. Kamunyonge ni mojawapo ya kata za mji huo, ulio makao makuu ya Mkoa wa Mara katika mwambao wa Ziwa Victoria. Mji umekusanya watu wa makabila mengi: Wakwaya, Waruri na Wajita wa pande za ziwani, Wazanaki na Waikizu wa bara, Wakurya wa kaskazini, Wajaluo wa Rorya, na wengine waliotoka mbali kwa ajili ya kazi, biashara au uvuvi. Kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini watu hawa wakutanapo uani lugha yao ni Kiswahili.

Nyumba ya kupanga ya namna iliyoenea katika miji ya Tanzania yajulikana na kila mtu. Ina njia ya katikati, vyumba vitatu upande mmoja na vitatu upande wa pili, na mlango wa nyuma utokeao uani. Neno ua kwanza lataja wigo wenyewe, kisha lataja mahali palipozungukwa na wigo. Na kwa kweli maisha ya nyumba yako hapo. Hapo ndipo penye bomba la maji, choo, mahali pa kupikia na kamba za kuanikia nguo. Wapangaji sita huweza kutumia mita moja ya umeme wa LUKU, na kila mara umeme ukiisha hapana budi kuchanga. Hati ya maji huja moja, nayo hugawanywa kwa vyumba au kwa vichwa. Kufagia ua na kuosha choo huenda kwa zamu. Lango hufungwa saa iliyozoewa. Kwa hiyo nyumba hiyo, ijapokuwa haikujengwa kwa nia ya ushirika, yawalazimisha wakaao humo kushirikiana katika mambo ambayo watu wa nchi nyingine huyaundia chama.

Sasa na itazamwe njia ya kuingia. Mtu atakaye chumba humtafuta dalali, au huulizia kwa jamaa na marafiki. Dalali humwonyesha chumba, kisha humpeleka kwa mwenye nyumba au kwa mwangalizi wake. Husemwa kodi ya mwezi, na aghalabu hutakiwa fedha ya miezi mitatu, sita, au hata mwaka mzima kabla ya kupewa ufunguo. Na dalali hudai ujira wake, ambao mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Baadaye mpangaji mpya hujulishwa kwa balozi wa nyumba kumi, kwa taratibu iliyoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na kwa mwenyekiti wa mtaa. Ndipo aletapo kitanda chake.

Katika mwendo huo wote kuna watu ambao hawakuulizwa neno, nao ni wapangaji wengine watano. Mgeni amekubaliwa na mtu ambaye pengine hakai katika nyumba ile, na ataishi na watu ambao hawakupata kumwona. Yeye naye amelipa fedha nyingi bila ya kujua desturi za ua. Mathalan, ikiwa mpangaji mpya ni mvuvi wa dagaa, kazi yake ni ya usiku, maana dagaa huvuliwa kwa taa katika giza, naye hurudi alfajiri. Lakini lango hufungwa saa nne. Nani atamfungulia? Mwenye chumba cha mbele ataamshwa kila siku mpaka achoke. Hapo ugomvi wazaliwa, wala hakuna mtu mbaya kati yao. Lau wangalikutana robo saa kabla ya fedha kulipwa, mmoja angalisema habari ya kazi yake, na wa pili angalisema habari ya lango. Kisha wangalipatana juu ya ufunguo wa pili, au mvuvi angalitafuta chumba kwingine huku akiba yake ya miezi sita ikiwa bado mkononi.

Jambo lingine ni msiba. Mpangaji akifiwa, ua wa nyumba huwa ndio mahali pa matanga, na wapangaji wenzake ndio watandikao mikeka, wapikao na wachangao. Hakuna hati ya kupanga yenye kifungu cha msiba. Hata hivyo hapo ndipo mtu ajulikanapo kama ni mwenzi au ni mwenye ufunguo tu. Yaani nyumba ya kupanga ina sheria mbili. Moja ni ya mwenye nyumba, nayo yasomwa siku ya kwanza. Ya pili ni ya ua, nayo mgeni huijua kwa kukosea.

Nje ya mji, katika nchi ya Mara, taratibu za kumpokea mtu asiye wa damu zilikuwa na majina yake. Miongoni mwa Wajaluo mtu aliyeomba kukaa katika nchi ya ukoo usio wake, kwa ukwe au kwa urafiki, aliitwa jadak, na wenye nchi waliitwa weg lowo. Jadak alipewa mahali pa kujenga na pa kulima, akakaa kwa amani pengine maisha yake yote. Walakini haki yake ilitegemea wema kati yake na wenyeji. Wema ukiisha, aliweza kuambiwa aondoke. Taratibu hiyo ilikuwa na adabu nyingi na rehema nyingi, lakini haikuwa na mwisho: kipindi cha kutazamwa hakikufungwa, hata watoto wa jadak waliweza kukumbushwa ugeni wa baba yao. Hapa pana funzo la kwanza kwa makazi ya ushirika. Kumtazama mgeni ni haki; kumtazama bila ya siku iliyotajwa ni kumweka mlangoni daima.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka njia nyingine. Halmashauri ya kijiji ndiyo isimamiayo ardhi ya kijiji, lakini haina ruhusa ya kuigawa bila ya idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa watu wazima wote wakaao humo. Kwa hiyo mwombaji wa shamba katika kijiji hupita mbele ya macho ya wale atakaopakana nao, na jibu lao huandikwa. Katika jambo hili kijiji kimeutangulia mji. Mtu atakaye ekari moja karibu na Butiama ana watu wa kumwuliza habari zake, naye ana watu wa kuwauliza habari zao; lakini mtu atakaye chumba Kamunyonge ana dalali.

Tanzania imepata pia kujaribu makazi ya ushirika yaliyoanzishwa kwa nia hiyo tangu mwanzo. Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU kilikwenda kufungua kijiji mahali paitwapo Litowa, katika wilaya ya Songea. Jaribio la kwanza lilishindwa. Mwaka 1961 walirudi wakaanza upya, na kijiji kikasimama. Kiongozi mmoja wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga, na baadaye Mwingereza aitwaye Ralph Ibbott alikaa nao kama mshauri. Vijiji vingine vilifuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho kilipata kuwa na vijiji kumi na saba hivi. Watu walilima shamba la wote, wakaamua mambo yao katika mikutano, na Litowa ikawa na shule iliyofundisha watoto wa vijiji hivyo kwa namna ya kujitegemea.

Walioingia katika vijiji hivyo waliingia kwa kutaka. Mtu aliona kazi ikifanywa, akasikia mkutano ukisema, kisha akaamua kama maisha hayo yamfaa. Waliokuwa ndani nao walijua kwamba kila mtu mmoja aliyeingia alikuwa ni mikono miwili ya kulima na kinywa kimoja cha kula, na kwamba mvivu mmoja angeweza kuwavunja moyo watu kumi. Kwa hiyo hiari ilikuwa ya pande mbili. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967 alisisitiza kwamba vijiji hivyo vianzishwe kwa hiari, na mwaka 1968 alirudia kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia humo.

Yaliyofuata yajulikana. Mwezi wa Septemba mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri, na kazi hiyo ilitakiwa imalizike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Kwa hesabu za Serikali, watu waliokuwa vijijini walipata milioni 13 hivi. Sheria ya mwaka 1975 ilitofautisha kijiji na kijiji cha ujamaa, na vijiji vingi havikupata kufika daraja ile ya pili. Watu waliwekwa karibu karibu, barabara ikapita katikati, shule na zahanati zikajengwa. Lakini shamba la shirika, lililohitaji mtu kumwamini mwenziwe, halikustawi mahali pengi. Sababu za jambo hilo ni nyingi, zikiwamo ukame, bei na uongozi. Mojawapo ni hii ya kuingia: mtu hakuwa mwombaji, wala aliyekuwa hapo kabla yake hakuwa mpokeaji. Wote wawili walikuwa wamehamishwa. Siku mbili za ugeni zilirukwa, na jembe likatolewa siku ya kwanza.

Wakati huo huo, mbali na Afrika ya Mashariki, watu wa Denmark walianza kuunda makazi ya namna yao waliyoyaita bofællesskab, yaani ushirika wa kukaa. Msanifu wa majengo aitwaye Jan Gudmand-Høyer alikusanya rafiki zake mwaka 1964 kwa nia ya kujenga nyumba nyingi ndogo zilizozunguka nyumba moja kubwa ya wote. Mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae alitoa makala katika gazeti, akisema kwamba kila mtoto apaswa kuwa na wazazi mia moja. Neno hilo lilionekana jipya kwa watu wa Copenhagen. Kwa msomaji wa Musoma aliyechapwa utotoni na mama wa jirani kwa kosa la kweli, si jipya hata kidogo. Makazi ya kwanza ya namna hiyo, yaitwayo Sættedammen, yalianza kukaliwa mwaka 1972 na jamaa 27. Kutoka huko namna hiyo ilienea Ulaya, na mwaka 1991 ilifika Davis katika jimbo la California nchini Marekani.

Lenye maana hapa ni namna watu hao wanavyompokea mwombaji, kwa kuwa hawakuwa na ukoo wala desturi ya kuwasaidia. Iliwabidi waunde taratibu tangu mwanzo. Desturi iliyoenea miongoni mwao ni hii. Mtu atakaye kuingia hualikwa kwanza kula pamoja na wenyeji katika nyumba ya wote, maana chakula cha jioni hupikwa kwa zamu mara kadhaa kila juma. Kisha hualikwa katika mkutano, aone jinsi watu wanavyohitilafiana na jinsi wanavyopatana. Baadaye hushiriki siku ya kazi: kupalilia bustani, kupaka rangi, kusafisha mifereji. Hupewa taratibu zilizoandikwa azisome nyumbani kwake. Jina lake huandikwa katika orodha ya wangojao nyumba, na muda wa kungoja humpa nafasi ya kurudi mara nyingi. Mahali pengine hupewa mwenyeji mmoja wa kumwongoza na kujibu maswali ambayo mtu huona haya kuyauliza mbele ya wengi. Na wengi waombao hujiondoa wenyewe katika kipindi hicho, bila ya kufukuzwa na mtu, kwa sababu wameona kwamba mikutano ni mingi mno kwao, au kwamba wapenda kula peke yao.

Hili la mwisho ndilo jambo kubwa katika maelezo haya yote. Kipindi cha kutazamana hakikuwekwa hasa ili wenyeji wamchague mtu, bali ili mtu apate kujichagua.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi katika Tanzania, kwa sababu njia ya kisheria iliyo karibu kwa watu watakao kujenga pamoja ni chama cha ushirika wa nyumba, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Na msingi wa kwanza wa ushirika, ambao chanzo chake ni wafumaji wa Rochdale nchini Uingereza mwaka 1844, na ambao ulithibitishwa tena na umoja wa vyama vya ushirika duniani mwaka 1995, ni kwamba uanachama ni wa hiari na mlango uko wazi kwa kila awezaye kutimiza masharti, bila ya ubaguzi wa jinsia, rangi, siasa au dini. Hapa mtu aweza kuuliza: ikiwa mlango uko wazi, wenyeji watawezaje kumkataa mtu wasiyemtaka? Na ikiwa wana ruhusa ya kumkataa, ni nini kitakachowazuia wasimkatae kwa ajili ya kabila lake au dini yake? Katika mkoa wenye makabila mengi kama Mara, swali hili si la vitabuni.

Jibu ni kwamba masharti yawe juu ya mambo, yasiwe juu ya watu. Sharti lisemalo "kila mwanachama atafanya kazi ya ua siku moja kila mwezi" ni la haki, kwani mtu ye yote aweza kulitimiza au kulikataa. Sharti lisemalo "mwanachama awe mtu mwenye tabia njema" halina kipimo. Ndani yake mwaweza kujificha chuki yo yote. Chama kikiandika masharti yake kwa lugha iliyo wazi, kikampa mwombaji muda wa kuyaonja, basi hakina haja kubwa ya kukataa watu.

Mfano wa nchini ni Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam. Watu waliohamishwa Kurasini kwa ajili ya kupanuliwa kwa bandari walijikusanya kwa vikundi vya akiba, wakanunua kiwanja cha ekari 30, wakaunda chama cha ushirika wa nyumba kiitwacho Muungano. Miongoni mwao walikuwamo wapangaji pamoja na wenye nyumba. Mambo mawili yafaa kuangaliwa. La kwanza, mpangaji ambaye nyumba aliyokaa ni ya mwingine ana udhaifu mkubwa siku ya kuhamishwa, hata akiwa ameishi pale miaka ishirini. Lakini katika chama ana hisa na sauti. La pili, kikundi cha akiba chenyewe kilikuwa ni kipindi cha kutazamana. Watu waliokutana mara kwa mara kuweka fedha kidogo kidogo walijuana kabla ya kujenga ukuta mmoja: nani hutimiza ahadi, nani husema ukweli akikosa, nani hukasirika upesi na kusahau upesi. Katika nchi yenye vikoba, upatu na vyama vya kuzikana, hakuna haja ya kuiga chakula cha jioni cha Kidenmark. Shule ya kujuana ipo tayari.

Kwa mwombaji mwenyewe, yako maswali ambayo hapana budi kuyauliza kabla ya kutoa fedha yo yote. Ardhi imeandikwa kwa jina la nani: la chama, la mtu mmoja, au la kila jamaa kwa sehemu yake? Sheria ya mwaka 2008 juu ya kumiliki sehemu za majengo yaruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake huku njia, ngazi na ua vikiwa vya wote. Basi aulize kama taratibu hiyo imefuatwa. Kiingilio, hisa na mchango wa kila mwezi ni kiasi gani, na ni kipi kati ya hivyo kirudishwacho mtu akitoka? Akifa, mjane wake na watoto wake watakaa, au watapewa fedha waondoke? Swali hili huonwa kuwa la mkosi, lakini ndilo litakalowalinda wasio na sauti siku ile. Kura ni ya mtu au ya nyumba, na je, mke ana kura yake? Ugomvi huamuliwa na nani, na aliyeshindwa aweza kwenda wapi? Wageni wa jamaa waweza kukaa siku ngapi? Msiba ukitokea, ukumbi ni wa nani na mchango ni wa lazima au wa hiari? Muda wa kutazamwa ni miezi mingapi, na siku gani atajibiwa?

Nao wenyeji wana maswali yao, yaulizwayo kwa adabu: kazi yake ni ya mchana au ya usiku, ana watu wangapi, alipokaa kabla aliondoka kwa sababu gani, ni kazi gani ya shirika aijuayo. Mambo ya kabila, dini na ukoo hayana nafasi katika maswali hayo.

Mtu asiwaze kwamba mambo haya yangoje mpaka majengo makubwa yajengwe. Nyumba ya vyumba sita ya Kamunyonge yaweza kuanza kesho bila ya gharama. Mwenye nyumba akipata mwombaji, na ampeleke kwanza uani jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka kazini, wakae naye kwa muda wa kikombe cha chai. Zamu za usafi, kiwango cha umeme na maji, saa ya lango na desturi ya msiba ziandikwe katika karatasi moja, ibandikwe nyuma ya mlango wa ua. Kodi ya mwezi wa kwanza ipokewe peke yake, na ile ya miezi ifuatayo ipokewe baada ya mwezi huo, pande zote mbili zikiridhika. Mwenye nyumba hapotewi na kitu, kwani mpangaji apatanaye na wenziwe hukaa sana, na chumba hakilali kitupu. Wapangaji wapata mwenzi badala ya mtu wa chumba cha nne. Na mgeni apata zile siku mbili zake, ili siku ya tatu, apewapo ufagio wa ua, aupokee akijua ameupokea kwa nani.